Nilivyofunga waya wa kudumu wa chaja kwenye Eunos Roadster yangu

Gari ninalolipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua ni Eunos Roadster, ile Mazda ndogo ya viti viwili na paa la turubai ambayo Wajapani walianza kuiuza mwaka 1989. Nje ya Japani inajulikana zaidi kama MX-5. Linakaa nyumbani kwangu Kigamboni, chini ya banda la bati. Kazi yangu iko Mtwara kwa vipindi virefu, hivyo wiki nyingi hupita bila mtu kuligusa. Nikirudi natamani kitu kimoja: niketi, nizungushe ufunguo, injini iitike. Kwa muda mrefu nilikuwa nakuta stata inagonga tu na taa za dashibodi zimefifia, naanza kuzunguka mtaani kutafuta mwenye waya za kubusti.

Nikaona kwanza nijue umeme unakwenda wapi. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, nilitoa waya wa hasi kwenye betri, nikaweka mita ya umeme katikati ya waya huo na betri ili kila ampea inayotoka ipite kwenye mita. Ilisoma kama miliampea 30. Hicho si kiwango cha kutisha. Mafundi wengi huanza kuhangaika ikipita 50. Ni saa, redio, na zaidi ya yote alamu iliyofungwa na mwenye gari wa kabla yangu. Lakini piga hesabu: miliampea 30 kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72, na kwa siku 30 ni zaidi ya 21. Betri ya gari hili ni ndogo, ya ampea-saa thelathini na kitu. Ongeza joto la Dar, ambalo huifanya betri ijimalize yenyewe haraka zaidi, na huhitaji kutafuta mchawi.

Na hasara yenyewe si usumbufu wa siku ile tu. Betri ya risasi na asidi ikijaa husoma karibu volti 12.7. Ikishuka chini ya 12.4 ikaachwa hivyo, salfeti inayojijenga kwenye sahani zake huanza kugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena hata ukichaji. Kila ikilala tupu, uwezo wake unapungua moja kwa moja.

Fundi mmoja wa Gerezani, Kariakoo, aliniambia, “Bosi, ukisafiri chomoa teminali, basi.” Nilimwelewa, maana inazuia alamu na redio kula umeme. Ila betri inaendelea kujimaliza yenyewe, na mimi naondoka nikiwa nimezima alamu ya gari la paa la turubai. Jirani naye alishauri kijana wa nyumbani awe analiwasha kila asubuhi dakika kumi. Hilo nalipinga kwa nguvu zote. Kuwasha kunachota umeme mwingi kwa mara moja, na altaneta, mtambo unaochaji betri injini ikiwaka, hairudishi vya kutosha injini ikiwa sailensa tu, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Wakati huohuo injini haijapata joto kamili, unyevu unabaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Gari linachakaa likiwa limesimama.

Dawa ni chaja ndogo ya kisasa inayojaza betri, kisha inajishusha yenyewe na kuishikilia kwenye volti 13.6 hivi kwa muda wote utakaotaka. Tatizo la gari hili ni kwamba betri iko ndani ya buti, upande wa kulia. Ukitumia vibanio vya kawaida, buti libaki wazi wiki nzima. Usalama haupo, paka wanaingia, na mvua ya upepo inafika. Ndiyo maana nikaamua kufunga waya wa kudumu: upande mmoja una pete mbili zinazokazwa kwenye teminali, upande wa pili una plagi yenye kifuniko inayokaa nje ya gari. Waya wa namna hii huuzwa tayari pamoja na chaja nyingi. Kabla ya kulipa, hakikisha una fyuzi.

Fyuzi ndiyo moyo wa kazi hii, nami ningependa kila anayejaribu alielewe hilo. Waya unaotoka kwenye chanya ya betri una umeme muda wote, hata chaja ikiwa imo kabatini. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea. Siku waya huo ukichubuka ukagusa bodi, kama hakuna fyuzi, utakuwa mwekundu kama kaa la moto ndani ya buti, sentimita chache kutoka kwenye zulia. Fyuzi iwe karibu kabisa na teminali ya chanya, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Chaja yangu haitoi zaidi ya ampea 5, hivyo fyuzi ya ampea 10 inatosha.

Kufunga penyewe si kazi kubwa. Spana namba 10 inatosha kwa teminali. Ukianza, toa hasi kwanza. Ukimaliza, rudisha hasi mwisho. Bodi nzima ya gari ni hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa bati la buti, umetengeneza shoti mkononi mwako. Nilisugua teminali kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, nikaweka pete chini ya nati, nikakaza, nikapaka mafuta ya mgando juu. Kigamboni hewa ya chumvi haina huruma na metali.

Kazi iliyonichukua muda ni njia ya waya. Kwenye gari hili ekzosi nayo inatokea kulia, upande uleule wa betri, kwa hiyo kushusha waya pale pale ni kuuchoma. Niliupitisha chini ya zulia la buti hadi kushoto, nikaushusha kwenye tundu la sakafu lenye kizibo cha mpira. Nilitoboa kizibo, si bati, ili waya ubanwe na mpira na maji yasipande. Nyuma ya bampa niliufunga kwa vifungo vya plastiki, plagi ikielekea chini ili maji yasitulie ndani yake, na kifuniko chake kikavalishwa. Ukipita hapo huoni kitu.

Plagi yangu ni ile ya pini mbili bapa, moja imefunikwa na nyingine iko wazi. Upande wa gari, pini iliyo wazi lazima iwe hasi. Ikigusa bodi haitokei kitu, kwa kuwa bodi ni hasi. Nilipima kwa mita kabla ya kuchomeka chaja, ingawa waya ulitoka dukani, kwa sababu rangi za nyaya peke yake siziamini.

Kuhusu betri yenyewe: ndani ya buti weka AGM (betri iliyozibwa, asidi yake imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo), au yoyote yenye mirija ya kutolea gesi nje. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Mirija ya Mazda ilikuwepo, nikairudisha mahali pake. Pia soma volti zilizoandikwa ubavuni mwa betri kabla ya kuchagua programu ya chaja. Chaja nyingine zina programu ya kufufua betri inayopanda hadi volti 15.8, hiyo siigusi kwa AGM.

Umeme wa kwetu hukatika, na hapo chaja hutofautiana sana. Nilichagua inayokumbuka programu yake na kuendelea yenyewe umeme ukirudi. Kuna zinazosubiri mtu abonyeze kitufe, na mimi niko Mtwara. Nimeiweka nyuma ya kifaa cha kulinda dhidi ya umeme mkubwa, imetundikwa ukutani penye hewa. Ufunguo wa gari unaning'inia kwenye msumari huohuo wa chaja, kwa hiyo huwezi kuuchukua bila kuona kama waya bado umechomekwa.

Sasa nikirudi napima kabla ya kuwasha. Chaja ikishatolewa na betri kutulia saa kadhaa, nasoma 12.8, na injini inaitika mara ya kwanza.

Kwa anayeegesha mahali pasipo na soketi, plagi hiyohiyo ya bampa inapokea paneli ndogo ya sola, mradi iwe na kidhibiti chaji katikati. Paneli tupu hupandisha volti kupita kiasi jua likiwa kali. Wati 10 zinatosha kabisa kufidia miliampea 30, hata siku za mawingu. Banda langu lina kivuli, la sivyo ningeanza na hiyo.