Daftari la Balozi

Wiki ile hakuna aliyelala ndani mtaani kwetu Hamugembe. Nyumba zilizosalia zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono, na ardhi iliendelea kutikisika kidogokidogo, hasa usiku, kwa hiyo watu walitandika mikeka chini ya migomba. Tetemeko lenyewe lilitupiga Bukoba Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu alasiri, kipimo cha 5.9. Lingekuja usiku wa manane, sijui tungezika wangapi.

Nilikuwa katibu wa vijana usharikani, nikatumwa kupokea lori la kikundi kimoja cha kimisheni. Walikuwemo Watanzania wenzetu na Wazungu wachache, wakiwa na maturubai, blanketi, sabuni na unga wa sembe. Sembe, kwa Wahaya, walaji wa ndizi! Watu walishukuru, lakini macho yote yalikuwa kwenye maturubai. Mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika juu ya ziwa.

Mwinjilisti aliyewaongoza akasema tuanze kwa maombi. Akaomba, akaomba, jua limetusimamia utosini, hadi akafika kwenye dhambi za mji wetu zilizomkasirisha Bwana. Karibu yangu alisimama mama aliyekuwa amemzika mjukuu wake siku chache tu nyuma. Aliinua kichwa kabla ya amina, akamtazama yule mtumishi bila kupepesa. Mimi nilitamani kuondoka. Hadi leo siamini kwamba mtu aliyefiwa anahitaji kuelezwa sababu, tena na mgeni.

Baada ya amina zikatoka fomu: jina, idadi ya watu, dini, usharika. Watu wakaanza kutazamana. Hamugembe Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu wanachota maji bomba moja, na wiki hiyohiyo ilikuwa Idi ya Kuchinja; nyama tulikula pamoja palepale migombani.

Mzee wetu wa kanisa, mwalimu mstaafu, akasogea mbele akiwa ameshika kofia.

"Mtumishi, naomba nami niombe kidogo."

Hakufungua kitabu. "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu," akaanza, Zaburi ya 46, akaipitia kwa kichwa hadi kwenye nchi kubadilika na milima kutetemeka. Akaomba mvua isubiri mpaka kila mtu apate pa kujifunika, akawataja wagonjwa wa mtaa kwa majina yao, Waislamu kwa Wakristo, akasema amina. Haikufika hata dakika tatu. Kisha, kwa sauti ileile: "Sasa mwiteni balozi."

Balozi wa nyumba kumi alikuja na kanzu yake na daftari la shule lililokunjwa katikati. Alikuwa amezunguka na tochi usiku baada ya usiku, akiandika nani analala wapi, nani ana kichanga, nani amevunjika mguu, nani nyumba yake inakalika akiacha woga. Hilo la mwisho lilizua kelele, lakini alikuwa nalo.

"Na fomu zetu, mzee?" mwinjilisti akauliza. Nilimwelewa: waliochanga huko walikotoka walitaka hesabu.

"Utazijaza jioni, mtumishi. Kijana huyu atakusaidia. Hawa kwanza."

Nikapewa daftari nisome majina kwa sauti. La kwanza lilikuwa la bibi Mkatoliki mwenye wajukuu wanne. La pili, la yule mama. Alipofika mbele, mwinjilisti alimkabidhi turubai kwa mikono miwili na kusema, "Pole sana, mama." Hakuongeza neno. Mama akajibu, "Asante, waitu," akaondoka nalo kichwani.

Maturubai yakaisha kabla ya majina. Balozi akaomba kisu, akasema yaliyo makubwa yakatwe katikati na wenye nusu wajenge wakiegemeana. Mwinjilisti akavua koti, akashika ncha moja, balozi nyingine, wakaanza kubishana wapime kwa hatua au kwa dhiraa.