Kamera nilizoziacha wazi mwenyewe

Nafunga kamera Tanga mjini tangu 2015: maduka, gesti, nyumba za kupangisha. Miaka yote hiyo paswedi yangu ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, admin na 12345. Mteja akisahau ananipigia, namtajia papo hapo bila kufungua daftari. Nilijiona mjanja.

Siku moja mama mwenye gesti kule Ngamiani akanipigia. "Fundi, kamera ya mapokezi inanifuata. Nikienda kwenye friji, ipo. Nikirudi kaunta, ipo." Nikamtuliza: mama, kamera za aina hiyo zimeundwa zimfuate mtu. Akanyamaza kidogo. "Na kunisalimia je?"

Nilipofika nikakuta mlango niliufungua mwenyewe. Mumewe yuko Muscat na alitaka kuiona gesti yake kwa simu, basi niliiweka ruta impokee yeyote anayebisha hodi kutoka nje, nikitegemea paswedi imzuie asiyehusika. Paswedi yenyewe dunia nzima inaijua! Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilisambaa kwa kujaribu orodha ya paswedi za kiwandani zisizofika 70. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa vikaishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa inaelekeza simu na kompyuta za watu kwenye tovuti wanazotafuta, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Kamera za watu zilikuwa zinarekodi kama kawaida, wenyewe hawana habari.

Daftari langu lilikuwa na wateja 83. Nikaanza peke yangu, ikawa kama kuteka maji kwa pakacha. Duka moja la vipuri nililisafisha asubuhi, jioni intaneti ikawa inakokota vilevile, maana linachangia ruta na saluni ya jirani, na kamera za saluni alifunga fundi mwingine.

Ndipo nikawaita mafundi wenzangu. Tuko saba, na kunyang'anyana wateja ndiyo kazi yetu. Kahawani pale, nusu saa nzima hakuna aliyekiri chochote, hadi nilipoanza mimi kutaja ya kwangu. Mmoja akasema, "Ukimwambia mteja ulimwachia mlango wazi, kesho anamwita mwingine." Kweli tupu. Tukakubaliana: kwa kazi hii hakuna kuchukua mteja wa mwenzio, na hakuna kudai hela ya ufundi.

Mwenyekiti wa mtaa akatupa nafasi kwenye kikao cha ulinzi shirikishi, baada ya hoja ya taa za barabarani. Mzee mmoja akauliza mwizi huyo anapitia dirisha gani. Nikamwambia anapita kwenye waya wa intaneti, haji kwa miguu. Akacheka, lakini alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Kila kifaa tulikipa paswedi yake, ndefu, tukaiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha mashine ya kurekodia. Wapo wanaosema usiandike paswedi popote. Mimi naona aliye ng'ambo hawezi kusoma karatasi iliyo Ngamiani. Tukafunga ile milango ya ruta, tukasasisha programu, na mashine kuukuu zisizopata tena masasisho tukazitoa kwenye intaneti, zirekodi kwenye diski yake tu. Hapo ndipo yule bwana wa Muscat alipokasirika. Nilimpigia mara tatu kabla hajakubali kununua mashine mpya.

Kundi la wasap tulilofungua halikufa, ajabu. Anayeona jambo anatuma picha ya skrini bila kutaja mteja, na sisi wengine tunakagua kwetu siku hiyohiyo. Ndivyo tulivyogundua boksi za TV za bei rahisi zinazomaliza bando usiku wa manane hali zimezimwa kwa rimoti.

Wateja 11 bado wamenigomea. Mama wa gesti hakugoma, kamera yake ni salama sasa, ila ameifunika leso. Nikimwuliza, anajibu anaisubiri ijifunze adabu.