Ndiyo, mwanangu anasoma shule ya kutwa ya mtaa

Juzi nilituma picha ya kijana wangu akiwa na sare ya shule kwenye kundi la familia. Shemeji yangu aliye Nakuru akajibu mbele ya watu wote: "Kwani huko majuu mtoto naye anasoma shule ya kutwa ya mtaa? Sisi tulidhani umemtafutia shule ya maana." Wengine wakacheka. Nilikuwa natoka zamu ya usiku hospitalini hapa Leicester, Uingereza, na maneno yale yaliniuma. Shemeji namheshimu, ndiye aliyeninunulia sare za kwanza nilipoingia chuo cha uuguzi, kwa hiyo sikumjibu pale pale. Lakini jambo hili nalijali sana, na najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Nakuru tumelelewa tukizijua shule kwa ngazi. Ukipata alama unabeba sanduku na godoro, unakwenda shule ya kitaifa, na nyumbani ng'ombe anauzwa. Usipopata, unavaa sweta lako na kutembea kutoka Kaptembwo au Rhonda mpaka shule ya kutwa iliyo karibu, na majirani wanakuona umeshindwa maisha ukiwa na miaka 14. Mimi nilisoma hiyo ya kutwa. Siku ya majaribio ya kemia tulizunguka bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia kemikali, wanafunzi wengi. Mmoja anafungua na kufunga, sisi wengine tunanakili namba zake. Mwalimu wetu alikuwa hodari kweli. Vifaa ndivyo hakuwa navyo. Na ile shule ya kitaifa iliyotangazwa gazetini kwa kupata A nyingi ilikuwa imepokea watoto waliokwisha kuchujwa nchi nzima. Tuliisifu shule kwa kazi iliyokuwa imefanywa tayari na walimu wa msingi huko Molo na Njoro.

Uingereza nako walichuja. Baada ya sheria ya elimu ya 1944, mtoto wa miaka 11 alifanya mtihani. Aliyepita akaenda grammar school, aliyeanguka akaelekezwa shule nyingine ambayo mzazi hakuitaka. Huku kwetu, kaunti ya Leicestershire, walianza kuuacha mfumo huo mapema, mwaka 1957. Mwaka 1965 waziri wa elimu, Anthony Crosland, akatoa waraka nambari 10/65 akizitaka serikali za mitaa zipange shule zinazopokea watoto wote bila mtihani. Leo grammar school za serikali zilizobaki England nzima ni 163. Watoto walio wengi wanasoma shule kama ya mwanangu, shule ya mtaa.

Yake iko hapa Leicester, mwendo mfupi kwa miguu. Ilimpokea kwa sababu tunaishi karibu na nafasi ilikuwepo. Karo hakuna. Sheria inakataza shule ya umma kumtoza mzazi kwa masomo ya saa za darasa, na safari ikipangwa wanaomba mchango wa hiari. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa haachwi nyuma. Nyinyi mnaojua karo ya bweni ya shilingi 53,554 kwa mwaka, na mnaojua zile shilingi 22,244 za serikali kwa kila mwanafunzi zikichelewa mwalimu mkuu anaongea vipi na wazazi, hapo sihitaji kueleza.

Ila bure peke yake haitoshi. Kilichonishangaza ni ukubwa. Shule ina watoto zaidi ya 1,400, na nilipousikia wingi huo niliona msongamano tu. Kumbe pesa za serikali hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo somo linalotakiwa na watoto ishirini tu linapata mwalimu, chumba na saa zake kwenye ratiba. Wana karakana ya mbao na chuma, jiko la kufundishia mapishi, chumba cha maigizo chenye taa za jukwaa, chumba cha muziki. Kijana alileta nyumbani taa ya mezani: kitako amekikata na kukipiga msasa mwenyewe, waya amezilehemu mwenyewe, na pale lehemu ilipomwagika kidogo ameikwangua kwa kisu akaacha alama. Ukibonyeza inawaka. Shule imemwazima tromboni aje nayo nyumbani kwa mazoezi, na jirani wa ukuta wa pili hajalalamika bado, Mungu ambariki.

Walipofika Mwaka wa 9, yaani wa tatu wa sekondari, wakapewa orodha ya kuchagua. Kiingereza, hesabu na sayansi ni lazima. Zaidi ya hapo yeye akachukua historia, Kijerumani na muziki. Rafiki yake anachukua kozi ya BTEC ya michezo, ile ya kujifunza kwa vitendo, katika jengo hilo hilo, na wanakula meza moja mchana. Hakuna aliyehamishwa shule kwa sababu kipaji chake ni cha aina nyingine.

Kuna mtoto mwingine darasani mwao anayetumia kiti cha magurudumu. Jengo lina lifti. Kwenye maabara meza yake imeshushwa, na msaidizi anakaa kando yake kumshikia kopo la maji moto, lakini anayesoma kipimo ni mtoto mwenyewe. Kwetu huyo angepelekwa Joyland, shule ya watoto wenye ulemavu kule Kisumu, mbali na mama yake. Joyland imeinua watoto wengi na siisemi vibaya. Ila nilipomwona yule mtoto akibishana na wenzake kuhusu jibu, nilisimama nikamtazama kwa muda mrefu.

Sasa yale machungu, maana yapo. Kelele za korido zinaumiza kichwa. Watoto wanamjibu mwalimu maneno ambayo Nakuru ungeitiwa mzazi kabla ya saa nne. Walimu wa hesabu na fizikia ni adimu, kwa hiyo kuna wiki nzima anaingia mwalimu wa muda asiyejua hata jina la mtoto. Na kuna hili la makundi. Wanawapanga kwa uwezo, na mwanangu alipofika Mwaka wa 8 akawekwa kundi la chini kabisa la hesabu kwa sababu hawakuwa na rekodi zake na lafudhi yake walikuwa hawajaizoea. Kwenye hesabu ya GCSE, mtihani wa taifa wa miaka 16, kuna ngazi mbili za mtihani. Ile ya chini, hata ukipata kila swali, gredi haivuki 5, ilhali gredi zinafika 9. Mtoto akizembea kule chini miaka mitatu, mlango umefungwa na wewe mzazi hujasikia hata ukifungwa. Niliandika barua pepe nikaomba apimwe. Mwalimu alimpima siku hiyo hiyo, akampandisha, akamwuliza nani alimfundisha hesabu za sehemu na aljebra vizuri hivyo. Akamtaja mwalimu wake wa Nakuru, aliyekuwa na darasa la watoto zaidi ya sitini. Nililia kwa fahari.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuja na mtoto, beba ripoti zake zote, na siku ya kwanza uliza kwa kinywa chako: yuko kundi gani, na atafanyishwa mtihani wa ngazi gani. Usione haya. Siku ya wazazi kila mwalimu anakupa dakika tano, ziingie ukiwa na maswali yako yameandikwa.

Tafuta nyumba ukiwa unatazama shule. Maombi ya kuingia Mwaka wa 7 hufungwa tarehe 31 Oktoba, majibu hutoka 1 Machi. Ukifika katikati ya mwaka unaomba kupitia halmashauri au shule yenyewe, kutegemea mahali, na unaweza kupewa shule ya mbali. Ikiwa ndiyo ya karibu iliyopatikana na iko zaidi ya maili 3 kutoka nyumbani, halmashauri inapaswa kumsafirisha bure. Waliokuwa wanapanga kuja kulea wazee wajue: tangu 11 Machi 2024 wanaoajiriwa kwa kazi hiyo hawaruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto, na tangu Julai 2025 njia ya kuajiri walezi kutoka nje imefungwa. Wakala anayekuahidi tofauti anakula pesa zako. Na usimtoe mtoto shuleni mapema ukimbilie tiketi za bei nafuu kabla ya Krismasi. Akikosa siku 5 bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa zaidi ya siku 21 inakuwa 160.

Shemeji ana binti anayeingia Gredi ya 10, na wasiwasi wa nyumba yao ni jina la shule. Ningependa waulize njia ngapi kati ya zile tatu za sekondari ya juu zinafundishwa pale kwa kweli: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Waingie maabara wakahesabu bureti. Binti yake anachora vizuri sana, na shule yenye jina kubwa isiyo na mwalimu wa sanaa haitamfaa.

Mimi wangu ana mtihani wa GCSE mwaka 2027, kisha A level, masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, hapo hapo kama gredi zitatosha. Mpaka miaka 18 silipi karo. Baada ya hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu mtoto ambaye hajapata ukaaji wa kudumu kwa kawaida hutozwa na chuo kikuu ada ya mgeni, na ada hiyo haina kikomo kama ile ya wenyeji. Ndiyo sababu nachukua zamu za usiku.