Siku yangu na ndizi za plazma

Saa 12:40 asubuhi. Huku California ndiyo kwanza kunakucha, kwa mama kule Tanga ni jioni. "Mwanangu, bado mnalihangaikia hilo jua la kwenye debe?" Bado, mama. Chai ya rangi, mkate, huyoo kazini.

Saa 2:00. Kikao kifupi, leo mashine ni yetu. Ni tokamaki, chombo cha umbo la bangili kinachofungia plazma (gesi ya moto mno yenye chaji za umeme) kwa sumaku, ili viini vya atomi viungane na kutoa nishati kama juani. Kwa kawaida tokamaki ni transfoma: koili ya katikati inasukuma umeme ndani ya plazma, na umeme huo unasaidia kuibana. Ila koili haiwezi kuongezewa mkondo milele; ikifika kikomo, kwisha kazi. Ndiyo maana tunataka plazma ijizalishie mkondo wake.

Saa 3:15. Mpigo wa kwanza, yaani kuiwasha plazma mara moja. Sekunde chache tu, halafu robo saa ya kungoja, kahawa na ubishi.

Saa 4:30. Mwanafunzi mgeni kaniuliza mkondo huo unatoka wapi. Nikamchorea ndizi. Sitanii: chembe zilizonaswa upande wa nje, ambako uga wa sumaku ni dhaifu, huenda na kurudi kwa njia yenye umbo la ndizi. Kwa kuwa kanieneo, yaani msukumo wa plazma, ni kubwa katikati kuliko pembezoni, ndizi zinazopita mahali pamoja hazilingani: za upande mmoja huwa nyingi zaidi. Zikigongana na elektroni zilizo huru, zinazisukuma, na umeme unapita. Wanafizikia Bickerton, Connor na Taylor walilitabiri hilo 1971. Akaniuliza kama nina njaa.

Saa 7:50 mchana. Mpigo mtamu kuliko yote, zaidi ya nusu ya mkondo ni wa kujizalisha. Sekunde ya tatu, mstari mwekundu ukaanza kucheza kwenye skrini. Kisiwa! Ndani ya kisiwa cha sumaku, yaani mistari ya uga iliyokatika na kujiunga upya kama kipovu, kanieneo husawazika. Pasipo mteremko wa kanieneo hakuna mkondo wa kujizalisha, na pengo hilo ndilo linalokinenepesha kisiwa. Mawimbi ya jairotroni, mtambo wa mikrowevu kali, yalitakiwa yapige hapohapo kuliziba. Kioo cha kuyaelekeza nilikilenga mimi, nikakosea kwa sentimita chache. Plazma ikavunjika, chumba kizima kimya.

Saa 8:25. Nimerekebisha pembe. Kisiwa kikatokea tena, kikanywea, kikafa. Sikushangilia, mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Saa 11:00 jioni. Mashine imezimwa. Zamu yetu nyingine ni mwezi ujao.

Saa 3:00 usiku. Wali umeungua kidogo. Nilikuwa naangalia grafu ya saa 8:25.