Siku Moja Kigamboni: Kupanga Umeme wa Mabanda 14 ya Wageni

Saa 12 asubuhi nipo Magogoni, Dar es Salaam, nasubiri kivuko. Mkobani mna klampu mita (kipimo cha umeme kinachobana waya), kipimo cha ethi (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), futi kamba ya mita 50 na daftari. Wengi wanadhani kupanga umeme ni kuvuta nyaya. Nyaya huja mwisho. Kazi yenyewe ni hesabu, na hesabu ikikosewa anayeumia ni mgeni aliyelipia banda lake.

Saa 2 tumefika ufukweni, upande wa Gezaulole. Mabanda 4 yapo tayari, yote kwenye fezi moja, yaani waya mmoja wenye umeme badala ya tatu. Mwenye eneo anataka yawe 14, pamoja na jiko na baa. Hadi saa 4 tumeshapima: kutoka itakapokaa transfoma mpaka banda la mwisho ni mita 180.

Kisha mwenye eneo akafika. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kijana, wageni wangu wanawasha taa na feni tu. Fundi wangu kasema fezi moja inatosha."

Nikamwomba afungue banda moja tuhesabu pamoja. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula kilowati 1.1, shawa ya umeme 4.5, birika 2. Friji, taa na TV 0.3. Karibu kilowati 8. Mara 14 ni kama 110.

"Kumbe mnataka ninunue litransfoma!"

Hapana, mzee. Vyote haviwaki kwa pamoja, na kujua vingapi huwaka pamoja ndiyo kazi ninayolipwa. Nyumba za mtaani watu huoga kwa nyakati tofauti. Ufukweni jua likizama wote wanatoka majini, wanawasha kiyoyozi, wanaingia bafuni. Kipindi hicho kimoja ndicho kinachopanga ukubwa wa kila kitu. Kwa hiyo viyoyozi nahesabu vyote 14, yaani 15.4. Shawa nusu yake, 7, maana mtu huoga dakika chache akampisha mwenzake: 31.5. Mabirika 2, kilowati 4. Friji na taa 4.2. Jiko na baa 12, pampu ya maji 3 (nayo hufanya kazi saa hiyohiyo), taa za nje 2. Jumla 72, ambazo ni kama kVA 80 (kVA ni kipimo cha mzigo ambao transfoma inabeba). Kwenye fezi tatu ni ampea 115 kila fezi. Kwenye fezi moja zingekuwa karibu 350. Transfoma ya kVA 100 inatosha, na akiba kidogo inabaki.

Akabisha. Akampigia simu fundi wake. Tukahesabu upya, mara ya tatu, mpaka saa 6 na nusu. Sikukasirika, ila koo lilikauka.

Chakula, halafu kebo. Fundi huyo alipendekeza kila banda livutiwe kebo yake ya milimita za mraba 10 kutoka kwenye bodi kuu, panapogawiwa umeme. Kebo ya namna hiyo hupoteza milivolti 4.7 (milivolti 1,000 ni volti 1) kwa kila ampea kwa kila mita. Banda la mwisho likivuta ampea 26 kwa mita 180, volti 22 zimepotea njiani. 230 imebaki 208, na kompresa ya kiyoyozi inahangaika kuwaka. Nimepanga bodi ndogo mbili katikati ya mabanda. Inayolisha saba ya mbali ipo mita 150 kutoka bodi kuu, kwa kebo ya fezi tatu ya milimita za mraba 35 yenye ganda la waya za chuma, na kutoka hapo kebo ya milimita za mraba 10 kwa mita 30 tu. Upotevu wote haufiki asilimia 4.

Jua kali. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi ya ethi juujuu haisaidii. Kwenye mabanda 4 yaliyopo tumegongelea fimbo kwa kuunganisha hadi zifike kwenye unyevu, zikiachana angalau urefu wa fimbo yenyewe. Chumvi inakula viungio, tumepaka grisi kila kimoja. Niutro, nyaya za kurudisha umeme, nimezikaza mwenyewe, moja moja. Tukishahamia fezi tatu, ikilegea, banda moja linapata volti zaidi ya 300 na friji inaungua huku jirani taa zimefifia.

Miguu inauma, lakini siwezi kuondoka kabla ya magharibi. Klampu nimeibana kwenye waya mkuu wa mabanda 4 ya zamani: ampea 19, volti 226. Wageni wakaanza kupanda kutoka ufukweni na mataulo mabegani. Namba zikaruka: 38, 47, 61. Volti zikashuka hadi 197, taa ya varanda ikafifia mbele ya macho yetu.

Mzee akaitazama mita muda mrefu. "Na nikiweka hita za sola?"

Swali zuri kuliko yote ya leo. Shawa za umeme zikiondolewa, kilowati 31.5 zinaondoka, na transfoma ya kVA 50 inaweza kubeba, ila akiba inabaki ndogo. Ila masika mawingu yakitanda, koili ya akiba ndani ya tangi ikiachwa ijiwashe yenyewe jioni, mzigo unarudi palepale. Iwekewe taima, iwake saa 8 usiku, tena kwa zamu, mabanda saba kwanza, saba baadaye.