Kabla hujanunua adapta, soma namba za chaja yako

Blenda niliyomtumia mama yangu kule Muheza, Tanzania, mwaka 2019 ilisaga embe moja tu. Niliinunua hapa Columbus, Ohio, nikaifungasha kwenye mzigo wa kontena tuliochangia watu sita, na pembeni nikaweka adapta mbili za pini tatu asije akahangaika kutafuta. Mzigo ukafika baada ya miezi mitatu. Mama akaosha jagi, akakata embe, akachomeka, akabonyeza. Ikalia kwa kasi ya kutisha, ikatoa moshi, harufu ya waya ulioungua ikajaa jikoni, ikazima.

Mimi nilikuja kuyajua hayo mwaka uliofuata, tena kwa dada yangu. Mama alikuwa ameiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Kila nikipiga simu nikauliza habari za blenda, jibu lake lilikuwa moja: "Nzuri, mwanangu, Mungu akuzidishie." Hakutaka niumie. Fundi aliyeifungua alimwambia dada maneno machache: "Hii ni ya 110. Nyinyi mmeipa 230."

Nimelifikiria sana jambo hilo, na kinachoniuma zaidi ni zile adapta mbili. Bila adapta, plagi ya Marekani yenye pini mbili bapa isingeingia kwenye soketi ya Muheza, na blenda ingebaki nzima. Umbo la plagi lilikuwa komeo. Adapta ikafungua komeo, basi. Haikupunguza umeme hata chembe. Nyumbani umeme wa ukutani ni volti 230, hapa ni 120, ile fundi aliyoiita 110, na adapta ya kawaida huupitisha kama ulivyo.

Kwa hiyo ndugu wanaojiandaa kuja huku wakiniuliza walete adapta ngapi, mimi huwauliza kwanza: unakuja na vifaa gani? Kigeuze kila kifaa, usome maandishi madogo yaliyoandikwa chini au ubavuni, pale penye neno INPUT. Ukikuta 100-240V, 50/60Hz, kifaa hicho kinakula umeme wa Tanzania, wa Marekani, hata wa Japani ambako ukutani wana volti 100 tu. Chaja za simu na za kompyuta mpakato za siku hizi karibu zote ziko hivyo. Hizo ndizo za kununulia adapta. Ukikuta namba moja, kwa mfano 120V, au 220-240V, hicho ni kifaa cha upande mmoja wa dunia na adapta haitakusaidia.

Vifaa vya namba moja mara nyingi ni vile vinavyochemsha au vinavyozungusha: pasi, birika la umeme, jiko la kupikia wali, mashine ya kukaushia nywele, blenda. Kifaa cha kuchemsha cha volti 120 ukikipa 230, nguvu yake haiongezeki mara mbili kama watu wanavyodhani. Inakaribia mara nne. Pasi ya wati 1,000 inataka kuvuta zaidi ya wati 3,600, na haidumu.

Ukienda kinyume, hakuna moshi ila kuna kero. Mama alipokuja kunitembelea mwaka 2022 alifika na pasi yake aliyoizoea, ya wati 1,200. Siku ya kwanza alisimama mbele ya soketi akaniuliza, "Swichi yake iko wapi?" maana soketi za huku nyingi hazina swichi kama zetu, ukichomeka umeshawasha. Nikamchomekea kwa adapta, akasubiri, akagusa, akasubiri tena. Pasi ilikuwa vuguvugu. Kwa volti 120, pasi ile ilipata kama wati 330 tu, na dera la pamba halinyooki kwa wati 330. Nikamnunulia pasi ya hapa, na alipoondoka tukaiacha hapa hapa.

Transfoma zipo, za kupandisha na za kushusha umeme, na wapo wanaozituma nyumbani pamoja na vifaa. Ushauri wangu ni kwamba usifanye hivyo kwa kifaa cha jikoni. Transfoma ya kubeba blenda ya wati 700 ni lazima iwe na uwezo mkubwa kuliko huo, maana mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi. Ni chuma kizito, utakilipia usafiri, halafu siku mgeni akiichomeka blenda moja kwa moja ukutani umerudi pale pale. Tena transfoma haibadilishi mapigo ya umeme, yale yanayoandikwa Hz. Huku ni 60 kwa sekunde, nyumbani ni 50, na zipo mota na saa zinazokwenda taratibu kwa sababu hiyo.

Sasa kuhusu umbo la plagi. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayekwenda Muscat, Dubai, Doha au London hahitaji adapta yoyote. Kote huko ni pini tatu zetu zile zile za mstatili, zile Waingereza walizoziwekea kanuni mwaka 1947. Ajabu ni kwamba ukivuka tu kwenda Bujumbura au Kigali utakuta matundu mawili ya duara, kama ya bara la Ulaya. Ujerumani na Ufaransa plagi za kisasa huingiliana, ila Uswisi na Italia wana mitindo yao, kwa hiyo taja nchi, usiseme "Ulaya" ukaishia hapo. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou wana nafuu nyingine: volti za China ni 220, hivyo kifaa cha kule kikifika nyumbani kinafanya kazi na kinachobadilika ni plagi tu.

Kuna tabia moja ya kwetu ambayo ningependa tuiache. Kwenye soketi zetu, lile tundu refu la juu ndilo linalofungua vilango vya matundu mawili ya chini. Vilango hivyo viliwekwa kumkinga mtoto asiingize msumari au kidole. Sisi tukiwa na chaja ya pini mbili tunachokonoa tundu la juu kwa kalamu ili vilango vifunguke, kisha tunasukuma. Nimekua nikiliona hilo kila nyumba. Pini mbili za namna hiyo hazikamati sawasawa, hutoa cheche, na mtoto anayetazama anajifunza. Adapta yenye pini tatu kamili ni bei ya chakula cha mchana.

Ukinunua, iangalie pini ya ardhi, ile inayoupeleka ardhini umeme ukivuja. Vile vichemraba vya "nchi zote" vingi havina njia ya kupitisha waya wa ardhi, hata kama vina tundu la tatu. Kwa simu hakuna neno, ila kwa kifaa chenye bodi ya chuma hapana. Soma pia ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho adapta inaweza kukibeba. Adapta ya ampea 10 nyumbani inabeba wati 2,300, lakini hapa kwenye volti 120 adapta hiyo hiyo mwisho wake ni wati 1,200. Na kwa anayehamia moja kwa moja, adapta si ya kukaa nayo miaka. Waya wa chaja ya kompyuta unachomoka upande wa tofali lake, nunua waya wa huku peke yake. Kichwa cha chaja ya simu nacho nunua cha huku. Baki na adapta moja ya safari.

Mwezi uliopita nilimtumia mama pesa badala ya blenda. Alikwenda dukani Tanga mjini, akanipigia simu akiwa bado kaunta, nikasikia anamwambia muuzaji, "Igeuze, baba, nisome chini." Kisha akanisomea polepole, namba moja moja: "Mia mbili ishirini, mstari, mia mbili arobaini. Halafu hamsini. Ndiyo yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, mama, lipa.