Natunza mbwa Uarabuni, na siionei aibu

Ami yangu kaweka voisi kwenye grupu la familia juzi usiku. Simtaji jina, ni mkubwa wangu na ndo alienisomesha juzuu amma, lakini maneno yake yameniuma mpaka leo. Anasema mtoto wa kaka yake kavuka bahari mpaka Uarabuni, wenzie wanarudi na magari, yeye huko anaogesha mbwa, na hela anazotuma mama yake azichunguze kama ni halali kabla hajanunulia unga. Watu wakaweka vikatuni vya kucheka, na wengine ni walewale ambao juzijuzi nimewatumia hela ya mabati. Mama alikaa kimya. Kwenye grupu sikujibu, mkubwa hajibiwi mbele za watu, ila hapa ntaongea kwa sababu najua si mimi peke yangu ninaedharauliwa kwa kazi halali ninayoifanya huku.

Ndio, natunza mbwa. Niko kwenye ezba, yaani shamba la mifugo, nje ya mji wa Al Ain huku Imarati, kule ambako mchanga unaanza kuwa mwekundu, tuna ngamia, tuna mbuzi, kuna vipanga wawili wa arbab, yaani bosi wangu, na kuna saluki, mbwa wa kuwinda wa Kiarabu. Ambae hajawahi kumuona saluki kwa macho yake asinihukumu kwa kumfikiria koko wa jalalani kwetu anaepigwa mawe na watoto.

Saluki ni mrefu, dume begani anafika mpaka sentimita 70 hivi, lakini ukimpima uzito mara nyingi kilo 30 hafiki. Kifua kimeshuka chini kwa ajili ya moyo na mapafu, tumbo limebana kama kiuno cha nyigu, miguu mirefu, shingo ndefu, masikio yameanguka na wengine yana nywele laini zinazoning'inia mpaka akinywa maji zinalowa zote. Macho yake yanaangalia mbali. Huyu anawinda kwa macho, hanusinusi chini kama mbwa wengine, anaona kitu kimetikisika huko kwenye upeo ambapo wewe huoni chochote, masikio yanasimama kidogo, mwili wote unakuwa mgumu, na kama hujamshika sawasawa ndo ameshaenda. Mbio zake zinakaribia kilomita 70 kwa saa. Greyhound, yule mbwa wa mbio wa Kizungu, anaweza kumshinda masafa mafupi, lakini mpe kilomita mbili tatu kwenye mchanga, hapo saluki hana mwenzie.

Na si wa jana huyu. Kwenye makaburi ya Misri ya kale kuna michoro ya mbwa wembamba wa namna hii, masikio yameanguka, mkia umepinda, wanawinda na mabwana zao. Mabedui wamekaa nae karne na karne. Alikuwa analala ndani ya hema na watoto, alikuwa hauzwi, anatolewa zawadi tu kwa mtu unaemheshimu, na jua likiwa kali anapandishwa juu ya ngamia ili miguu isiungue kabla ya kuwinda. Kipanga anaruka juu, anamuona paa au sungura, anamsumbua, saluki anafata chini anamaliza kazi. Hivyo ndivyo familia ilivyokuwa inapata nyama jangwani. Siku hizi uwindaji wa wanyama pori umepigwa marufuku huku, kwahiyo wanashindanishwa mbio, gari linatangulia na sanamu ya paa, mbwa wanakimbiza nyuma na mapikapu ya wenyewe yanafata pembeni yanapiga honi, vumbi lake si la kawaida. Abu Dhabi kuna kituo maalum cha saluki tangu 2001, mbwa anawekewa chipu na anapewa pasipoti yake.

Sasa kuhusu dini, maana ndo kisu alichonichomea ami. Mimi ni wa madhehebu ya Shafii kama yeye, na hukumu ya mbwa kuwa najisi naijua, alinifundisha mwenyewe. Nguo za kazi ziko mbali, kanzu yangu ya kuswalia iko kwenye begi lake halikaribii banda, na mate yakinigusa naosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama nilivyosomeshwa. Lakini wenyeji wa hapa wengi ni wa madhehebu ya Maliki, na kwa Maliki mbwa aliye hai si najisi, sasa usimuone Mwarabu kamkumbatia saluki wake ukadhani kaacha dini. Na Surat al-Maida aya ya 4 inasema wazi kuhusu wanyama mliowafundisha kuwinda, mle walichowakamatia na mlitaje jina la Mwenyezi Mungu. Kama windo lake linaliwa, mshahara wa kumlisha una kosa gani? Hata huko kwetu wanazuoni wanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ami anayajua haya kuliko mimi, ndo maana imeniuma zaidi.

Kuna mmoja anaitwa Rim. Jike, rangi ya krimu, miguu ya mbele imepakwa hina mpaka juu ya vidole, hiyo ni desturi ya zamani, wanasema inakaza nyayo zisichubuke na mchanga wa moto. Jioni baada ya mazoezi nakaa nae chini namkagua, naanza mguu wa kulia mbele, natanua kidole kimoja kimoja, naangalia katikati kama kuna mwiba au kajiwe, napapasa ukucha, nasikiliza kama atavuta mguu. Hapigi kelele akiumia. Anavuta tu kidogo na kugeuza uso pembeni, inabidi umjue ndo ujue. Nikimaliza nampa tende niliyokwisha toa kokwa, anaichukua kwa midomo ya mbele polepole, meno hayagusi ngozi yangu, halafu anaondoka zake na kwenda kulala kwenye godoro. Lazima godoro. Mwili hauna mafuta, mifupa iko juujuu, ukimlaza kwenye saruji viwiko vinaota sugu na vidonda.

Huyo Rim aliumia mguu wa nyuma msimu uliopita. Nikaenda nae kliniki mjini na dereva wa hapa, Mpakistani mmoja mtu mwema sana. Pale nje ya mlango mama mmoja wa Kizungu akanivaa, ananinyooshea kidole, kwamba namnyima mbwa chakula, ona mbavu, ona mifupa ya nyonga, anapiga picha, ataniripoti. Nikamwambia kwa upole, mama huyu ni saluki, mbavu kuonekana kidogo na nyonga kuchomoza ndo afya yake, akinenepa ndo anaumwa. Hakusikiliza. Aliona mtu mweusi amevaa ovaroli ameshika mbwa mwembamba akamaliza hesabu. Mlinzi Mnepali ndo akanifungulia mlango akanambia ingia ndani kaka.

Ndani bahati nikakuta daktari anaejua. Akauliza uzito mara mbili kabla ya kumchoma nusukaputi, kwa sababu mbwa wa jamii hii hawana mafuta mwilini na kuna dawa za usingizi zinakaa kwenye damu muda mrefu kuliko kwa mbwa wengine, asiyejua anaweza kumlaza asiamke. Bili ikaja dirham elfu tatu na zaidi. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Mimi mshahara wangu haufiki hapo. Nilisimama kaunta nimeshika ile karatasi nikamkumbuka bibi yangu alivyolazwa wodini wagonjwa wawili kitanda kimoja na sindano tukanunua wenyewe duka la nje. Sikumchukia Rim. Lakini roho iliniuma, na anaeniambia huwezi kumpenda mnyama huku moyo unauma kwa ajili ya binadamu hajakaa ughaibuni.

Na kuna mengine. Mwezi wa saba ac ya chumba chetu wafanyakazi ilikufa, tumelala wanne kwenye joto la usiku ambalo shuka linalowa, na ya banda la mbwa inafanya kazi. Fundi alichukua muda kuja. Wakati huo ndo nilikuwa nikipita banda namuangalia Rim amelala miguu juu nasema yaa Rabbi. Tukamwambia mtoto mkubwa wa arbab, yule kijana akaenda mwenyewe mjini akarudi na ac mpya nyuma ya pikapu, na akatuomba radhi. Sikutarajia kuombwa radhi. Hivyo ndivyo huku kulivyo, wiki moja unataka kurudi kwenu hata kwa miguu, wiki inayofata mtu anakufanyia jambo unashindwa la kusema.

Arbab baada ya ule mguu alitaka Rim aondolewe, maana hatokimbia tena mashindano. Hilo ndo jambo baya kwenye mchezo huu na nalisema wazi, kuna watu msimu ukiisha mbwa asieshinda wanamtelekeza jangwani, unamkuta pembeni ya barabara kabaki ngozi, na wageni wa kujitolea ndo wanazunguka kuwaokota na kuwatafutia makazi. Mimi nikaenda kwa mama yake arbab, mtu mzima sana, amekulia kwenye hema kabla mafuta hayajaleta majumba. Nikamueleza kwa Kiarabu changu cha kazi. Akasema baba yake asingemfukuza saluki aliyemlisha, basi Rim abaki, na yule kijana wa Tanga, yaani mimi, ndo amtunze. Rim yupo. Ameshazaa hapa, na anatembea akichechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi.

Tabia zake mjue pia, maana kuna wanaoona picha wanasema na mimi nitafute mmoja. Saluki hatii. Sio mjinga, anakusikia vizuri sana, anaamua. Akimuona paka au sungura amekimbia, unaweza kuita mpaka sauti ikauke, kwahiyo popote pasipo na uzio ni kamba, na sheria ya hapa yenyewe inataka mbwa afungwe kamba, asajiliwe na apate chanjo. Ukimfokea ananuna, anaweza kukaa siku nzima hakutazami usoni. Chakula ukiacha mezani amekichukua bila kuangusha hata sahani. Mgeni hamrukii wala hambwekei sana, anamuangalia tu na kugeuka. Lakini ukishakuwa mtu wake unajua. Nilipokuwa na homa yule mwenzangu Mganda alinambia Rim amegoma kula, amelala mlangoni kwetu, wamembeba wamerudisha bandani, akarudi tena. Anaishi miaka 12 mpaka 14. Nimeshaanza kuihesabu na sipendi kuihesabu.

Sasa wadogo zangu mnaojaa inboksi. Kazi za ezba zipo, lakini msije kwa wakala anaewaambia toa milioni mbili ya viza. Sheria ya Imarati inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, anaekuomba hiyo hela anakuibia. Mkataba usome kabla hujapanda ndege, neno mtunza wanyama liwemo, maana kuna walioandikiwa usafi wa ofisi wakajikuta wako na ngamia mia jangwani. Pasipoti yako kaa nayo wewe, mwajiri hana haki ya kuishika. Kiangazi, kuanzia Juni 15 mpaka Septemba 15, kazi ya juani inasimama saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa, hiyo ni haki yako na si hisani ya mtu. Na kama mnyama humpendi usije kabisa, kwa sababu saa kumi alfajiri ndo mazoezi yanaanza ili jua lisiwakute, na mbwa wa namna hii akijua humpendi hakupi kitu.

Ami, ukiyasoma haya, shikamoo. Hela ya mama ni halali, nimeifanyia kazi alfajiri hadi usiku, na mwezi ujao naituma kama kawaida. Watoto wa Rim wawili wanaanza kukimbizwa Oktoba joto likipungua, yule mweusi mwenye kifua cheupe ana hatua ndefu kuliko mama yake, ntaweka video.